Mike Hawthorn: Muuza magari aliyepewa ubingwa kwa ushahidi wa mpinzani wake

FIKIRIA uko kwenye mbio za ubingwa. Zimebaki mechi mbili msimu uishe. Mpinzani wako mkubwa kaitwa mbele ya kamati, wanataka kumpokonya pointi alizozipata mchana uleule. Akipokonywa, kombe linasogea upande wako. Halafu inaonekana kuna shahidi aliyeliona tukio kwa macho yake, na shahidi huyo ni wewe.

Utasema nini?

Shabiki wa soka analijua jibu, hata kama hapendi kulisema kwa sauti. Tumezoea rufaa, tumezoea pointi za mezani, tumezoea beki aliyeunawa mpira kwa makusudi kumwangalia refa usoni na kuapa kwamba umemgonga kifuani. Wengi wetu tungekaa kimya tu na kuiacha kamati ifanye kazi yake.

Lakini Agosti 1958, katika mji wa Porto kule Ureno, mtu mmoja aliinuka na kusema ukweli. Ukweli ule ulimnyima ubingwa wa dunia ambao hakuja kuupata tena maisha yake yote. Aliyenufaika aliitwa Mike Hawthorn, kijana mrefu mwenye nywele za dhahabu, muuza magari kutoka mji mdogo wa Farnham. Ndiye Mwingereza wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mbio za langalanga. Kabla ya Jim Clark, kabla ya Nigel Mansell, na miaka 50 kamili kabla ya taji la kwanza la Lewis Hamilton, alikuwapo Hawthorn.

Na kombe lenyewe alikaa nalo siku 95 tu.

Mtoto wa gereji

Hawthorn alizaliwa Aprili 10, 1929, Mexborough, Yorkshire, kaskazini mwa England. Baba yake, Leslie, alikuwa fundi na mwendesha pikipiki za mashindano. Mapenzi ya mbio yalimfanya mzee huyo ahamishe familia kwenda kusini, Farnham, ili awe karibu na Brooklands, uwanja uliojengwa mwaka 1907 kwa ajili ya mbio za magari. Hapo Farnham akawa na gereji yake, Tourist Trophy Garage, jina lililotokana na mashindano maarufu ya Uingereza.

Mike alikulia humo. Wakati watoto wenzake wanakimbiza mpira mtaani, yeye anashika spana, ananusa petroli na kusikiliza injini. Gereji haikuwa ya kubadilisha oili tu. Ilitengeneza magari, ikayaandaa kwa mbio na kuyauza, hasa yale ya Kiingereza yenye kasi ambayo wenye pesa zao wa kusini mwa England waliyapenda. Riley na Jaguar ndiyo yalikuwa maisha ya pale.

Alisoma, kisha akaenda kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori cha Dennis huko Guildford. Lakini moyo ulikuwa kwenye lami. Mwaka 1950 aliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza na gari dogo aina ya Riley lililoandaliwa kwenye gereji ya baba. Mwaka uliofuata akashinda hadi watu wakaanza kuuliza huyu dogo katokea wapi.

Aprili 1952 ndipo mlango ulipofunguka. Rafiki wa familia alinunua gari la langalanga aina ya Cooper-Bristol na kumkabidhi dogo usukani. Siku ya kwanza tu kulitumia, Jumatatu ya Pasaka katika uwanja wa Goodwood, akashinda mbio mbili na ya tatu akawa wa pili. Ni sawa na kinda aliyepandishwa kutoka timu ya vijana akafunga mabao mawili kwenye mechi yake ya kwanza. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameshika nafasi ya tatu kwenye mbio za ubingwa wa dunia pale Silverstone, na Enzo Ferrari alikuwa ameshatuma salamu kutoka Italia.

Siku alipomzidi Fangio

Shabiki wa soka anaujua mji wa Reims, Ufaransa, kwa sababu ya Just Fontaine, yule aliyefunga mabao 13 kwenye Kombe la Dunia moja. Shabiki wa langalanga anaujua mji huohuo kwa sababu ya Julai 5, 1953.

Siku hiyo Hawthorn, miaka 24, msimu wake wa kwanza ndani ya Ferrari, alikuwa ubavuni mwa Juan Manuel Fangio wa Argentina. Kwa asiyemjua, Fangio alikuja kumaliza kazi yake akiwa na mataji matano ya dunia. Ilikuwa ni kama kinda kupangiwa amkabe Pele, na kinda hakutetemeka. Mzunguko kwa mzunguko walipitana, wakati mwingine wakiwa sambamba kwenye barabara ndefu iliyonyooka, karibu sana hadi kila mmoja aliweza kumtazama mwenzake usoni. Kona ya mwisho Hawthorn akatoka mbele. Tofauti ilikuwa sekunde moja.

Alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda mbio zinazohesabiwa katika ubingwa wa dunia. Wafaransa wakampa jina la Kipepeo, kwa sababu alikuwa akiendesha gari la mashindano akiwa amevaa tai ya upinde shingoni, kana kwamba anakwenda harusini.

Ndivyo alivyokuwa. Alipenda bia, kiko, utani na kicheko. Mbio zikiisha, ungemkuta baa. Aliendesha kwa mzuka: siku ikiwa yake hakuna wa kumkamata, siku ikiwa mbaya anapotea kabisa.

Mwaka wa mikosi

Halafu maisha yakamgeukia. Aprili 1954, kwenye mbio za Syracuse, Italia, gari lake liliwaka moto na kumuunguza vibaya mikono na miguu. Alikuwa bado anauguza majeraha pale mwezi Juni baba yake alipopata ajali ya barabarani akitoka Goodwood kurudi nyumbani. Mzee Leslie akafariki.

Ghafla kijana wa miaka 25 akawa na kazi mbili: kuendeshea Ferrari huko Italia, na kuendesha biashara ya familia huko Farnham. Wafanyakazi wanasubiri mishahara na wateja wanataka magari yao. Hatimaye aliiacha Ferrari ili msimu wa 1955 aendeshee timu za nyumbani na kuwa karibu na gereji. Hebu jiulize ni wangapi leo wangeiacha timu kubwa ya ng'ambo kwa sababu ya duka la marehemu baba.

Juu ya hayo, magazeti ya kwao yalikuwa yanamshambulia. Enzi zile kila kijana wa Kiingereza alipaswa kwenda jeshini, na Hawthorn alikuwa hajaenda. Hadi bungeni walimjadili, wakamwona mkwepaji anayekula raha Ulaya wakati wenzake wamevaa gwanda. Ukweli ni kwamba alikuwa mgonjwa wa figo. Lakini mgonjwa gani huyo anashinda mbio za magari? Watu hawakutaka kuelewa.

Le Mans, doa lisilofutika

Kisha ikaja Juni 11, 1955. Mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Hawthorn yuko ndani ya Jaguar, Fangio yuko ndani ya Mercedes, wanakimbizana kama vile mbio zinaisha baada ya nusu saa.

Zilikuwa zimepita karibu saa mbili na nusu. Hawthorn alitakiwa aingie kujaza mafuta. Akalipita gari la Mwingereza mwenzake, Lance Macklin, kisha akasogea kulia na kukanyaga breki kuelekea kwa mafundi wake. Jaguar ilikuwa na breki za diski, zilizokuwa na nguvu kuliko za magari mengi ya wakati ule. Macklin akashtuka, akakwepa kushoto. Nyuma yake alikuwa anakuja Mfaransa Pierre Levegh na Mercedes kwa kasi ya kutisha. Hakuwa na pa kwenda. Lilipanda mgongoni mwa gari la Macklin, likaruka na kusambaratika, vipande vikaingia katikati ya watazamaji.

Walikufa watu zaidi ya 80, Levegh mwenyewe akiwamo. Mpaka leo hakuna ajali ya mbio za magari iliyoua watu wengi namna hiyo. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari viwanjani kwa miaka mingi kwa sababu ya siku ile.

Mbio hazikusimamishwa. Waandaaji walihofia kwamba watu wakiondoka wote kwa pamoja wangeziba barabara na magari ya wagonjwa yasingepita. Usiku Mercedes waliyatoa magari yao yaliyobaki. Jaguar wakaendelea, na Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb wakashinda. Kwenye picha anaonekana akinywa shampeni na kutabasamu. Picha hiyo Wafaransa wengi hawakumsamehe.

Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani dereva yeyote. Lawama zilienda kwa uwanja, uliojengwa zama za magari ya taratibu. Lakini Hawthorn na Macklin hawakuelewana tena. Hawthorn alipoandika kitabu na kujisafisha, Macklin aliona kasukumiwa yeye mzigo, akaenda mahakamani. Kesi ile haikufika mwisho, na sababu yake utaiona huko mbele.

1958: furaha na makaburi

Waingereza wanaukumbuka mwaka 1958 kwa majonzi. Februari, ndege ya Manchester United ilianguka Munich na kuua watu 23, wakiwamo wachezaji wanane wa vijana wa Matt Busby. Kwenye langalanga nako msiba uliingia kwa zamu.

Hawthorn alikuwa amerudi Ferrari. Safari hii alikuwa na rafiki yake wa chanda na pete, Peter Collins, Mwingereza mwenzake. Walikula pamoja, wakacheka pamoja, wakafanyiana utani uliowakera Waitalia. Ilisemekana walikubaliana kugawana fedha za ushindi, jambo lililomuuma mwenzao wa Ferrari, Mwitalia Luigi Musso.

Julai 6, Reims tena, Musso alitoka nje ya barabara akimfukuza Hawthorn. Akafa. Hawthorn alishinda. Siku hiyohiyo ilikuwa mbio ya mwisho ya Fangio. Inasimuliwa kwamba Hawthorn alipomkaribia mkongwe huyo ili amzidi mzunguko mzima, alikanyaga breki na kubaki nyuma yake hadi mwisho. Hakutaka gwiji amalize kazi yake kwa aibu hiyo.

Agosti 3, Nürburgring, Ujerumani. Safari hii alikuwa Collins. Hawthorn alikuwa nyuma yake, akaona kwa macho yake gari la rafiki yake linaacha barabara na kupinduka. Collins alifariki siku ileile, akiwa na miaka 26.

Hapo ndipo Hawthorn alipoanza kuuona mlango wa kutokea. Akaamua moyoni: msimu ukiisha, basi.

Ushahidi wa Porto

Wiki tatu baadaye, Agosti 24, wakakutana Porto. Mpinzani wake kwenye ubingwa alikuwa Stirling Moss wa timu ya Vanwall, dereva ambaye wengi walimwona bora kuliko Hawthorn.

Kwanza elewa hesabu. Mshindi alipata pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2. Aliyezunguka kwa kasi kuliko wote aliongezewa pointi 1. Mwisho wa msimu dereva anahesabiwa matokeo yake sita bora tu.

Moss alishinda Porto. Hawthorn alikuwa wa pili, lakini mwishoni gari lilimshinda, likaserereka na kuzimika. Moss aliyaona yale, akamwonyesha mwenzake alisukume kwenye mteremko liwake. Hawthorn akashuka, akasukuma, likawaka, akamaliza wa pili. Jumla akavuna pointi 7, ikiwamo ile ya mzunguko wa kasi.

Waamuzi wakamwita. Sheria ilikataza kuendesha kinyume na mwelekeo wa mbio, na yeye alikuwa ameteremka kinyume. Adhabu yake ilikuwa kufutiwa matokeo.

Ndipo Moss akaenda mbele ya waamuzi. Hakuitetea Vanwall wala hakujitetea yeye. Alieleza alichokiona: Hawthorn aliteremka juu ya njia ya waenda kwa miguu, nje ya barabara ya mashindano, kwa hiyo hakuvunja sheria. Waamuzi wakakubali. Pointi 7 zikabaki kwa Hawthorn.

Kuna kingine cha kuuma zaidi. Katika mbio hizohizo mafundi wa Vanwall walimwonyesha Moss ubao wa kumjulisha kwamba Hawthorn kaweka rekodi ya mzunguko. Moss aliusoma vibaya, akadhani Hawthorn anakwenda kwa mwendo wa kawaida, asijisumbue kumjibu. Pointi moja ikapotea hapo.

Casablanca

Oktoba 19, mbio ya mwisho, Casablanca, Morocco. Hawthorn ana pointi 40, Moss ana 32. Moss alihitaji ushindi na mzunguko wa kasi, halafu aombe Hawthorn asiwe wa pili.

Hawthorn alipangiwa namba 2. Musso alikufa akiwa na namba 2. Collins naye alikufa akiwa na namba 2. Hawthorn akaikataa, akabadilishana na mwenzake. Ungemlaumu?

Moss alifanya kila alichoweza: akashinda, akachukua na mzunguko wa kasi. Lakini nyuma, Mmarekani Phil Hill, aliyekuwa wa pili, alipunguza mwendo kwa maelekezo ya Ferrari na kumpisha Hawthorn. Hawthorn wa pili. Hesabu zikafungwa: Hawthorn 42, Moss 41.

Hakuna aliyesherehekea sana. Stuart Lewis-Evans wa Vanwall aliungua moto kwenye mbio hiyo, akafariki siku sita baadaye.

Sasa ukae na kalamu yako. Hawthorn alishinda mbio moja tu msimu mzima, Moss alishinda nne. Kwa wapenzi wa soka si ajabu, tunajua timu inayokusanya bila kupoteza huweza kuipita ile inayoshinda kwa mabao matano leo na kufungwa kesho. Hawthorn alikuwa wa pili mara tano na alikuwa na mizunguko ya kasi mitano. Alistahili kwa mujibu wa kanuni.

Lakini futa zile pointi 7 za Porto. Ingiza badala yake matokeo yake yaliyokuwa hayahesabiwi, nafasi ya tatu ya Argentina yenye pointi 4. Hawthorn anabaki na 39. Moss 41, bingwa wa dunia.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa mzito ule ushahidi.

Siku ya mvua Guildford

Hawthorn akatangaza kustaafu papo hapo. Miaka 29, bingwa wa dunia, mzima wa viungo. Alikuwa na mchumba aliyetaka kumuoa, na gereji ya baba ya kuiendesha. Wateja wa Farnham sasa wangeuziwa Jaguar na bingwa wa dunia mwenyewe.

Januari 22, 1959, mvua na upepo, alitoka Farnham na Jaguar yake kuelekea London. Njiani akamkuta rafiki yake, Rob Walker, mmiliki wa timu ya mbio, akiwa ndani ya Mercedes. Watu wawili wanaofahamiana, magari mawili yenye kasi, barabara ya kawaida ya umma. Hawthorn akapita mbele. Karibu na Guildford, kwenye barabara inayoupita mji pembeni, Jaguar ikateleza, ikagonga lori, ikaishia kwenye mti. Hawthorn alifia pale, kilomita chache kutoka gereji ya baba yake.

Barabara ilimchukua baba, miaka minne na nusu baadaye ikamchukua mtoto. Kesi ya Macklin nayo ikafia hapo.

Na Moss? Aliendelea hadi ajali ya mwaka 1962 ilipomstaafisha. Alimaliza wa pili kwenye ubingwa wa dunia misimu minne mfululizo, kuanzia 1955 hadi 1958, na taji hakulipata. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 90. Katika miaka yote hiyo aliulizwa mara nyingi kuhusu Porto, na hakuwahi kusema anajuta.

Kwenye orodha ya mabingwa, mwaka 1958 utakuta jina la Hawthorn, na ni haki yake. Jina la Moss halimo. Lakini hadithi ya ubingwa ule huwezi kuisimulia bila kumtaja.